PAKA WA KATUNI HAVUNJIKI MGUU



Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, hasa mama zangu na dada zangu wa Biryogo, Nyamirambo na Kigali nzima, leo sina habari ya kufurahisha. Nimekaa nayo wiki tatu nikiona haya kuisema, kwa sababu mkosaji katika kisa hiki ametoka nyumbani kwangu.

Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Anakwenda madrasa, Juzuu Amma anakaribia kuimaliza, na sauti yake, mashaallah, inapendeza. Alasiri moja yeye na wenzake wawili walimkamata paka wa jirani, wakamfunga kamba kiunoni, wakapanda naye juu ya ukuta wa nyumba inayojengwa karibu na kwetu, wakamwachia aanguke. Si mara moja. Walikuwa wakihesabu. Mara ya tatu paka hakuinuka. Mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika.

Jirani alikuja kunigongea mlango amembeba paka ndani ya kitenge. Nikamwita mwanangu. Nilidhani atakana, kama watoto wanavyokana. Hakukana. Wala hakuwa na uso wa mtu aliyeogopa, alikuwa na uso wa mtu anayeshangaa. Akaniuliza: "Mama, mbona hakuamka? Tom huwa anaamka."

Wallahi nilikosa la kusema.

Nilipowaeleza watu jambo hili nilipata majibu ya namna mbili. Wa kwanza wakaniambia: "Dada, usijitese, watoto ni watoto. Ile ni katuni tu, sisi sote tumekua nayo." Wa pili wakaniambia: "Si tulikwambia? Katuni zote ni haramu. Itoe hiyo televisheni nje, mchezo umekwisha." Majibu yote mawili yaliniacha palepale: na paka aliyevunjika mguu, na mtoto ambaye hajui kwa nini umevunjika. Nina ugomvi na makundi yote mawili, na leo nitausema.

TUMEWAHI KUZIANGALIA KWELI?

Wengi wetu tunazisikia katuni kutoka jikoni. Mtoto anacheka, tunajua yuko salama, tunaendelea kukata vitunguu. Basi mimi niliacha vitunguu. Jioni tatu nilikaa mkekani na wanangu nikaangalia wanachokiangalia.

Tom na Jerry si mgeni kwa yeyote. Alianza mwaka 1940 huko Marekani, mikononi mwa William Hanna na Joseph Barbera, ambao mpaka mwaka 1958 walikuwa wametengeneza filamu fupi 114 za paka huyo na panya wake, saba kati yake zikapata tuzo ya Oscar. Mama yangu alimjua, mimi nimemjua, wanangu wanamjua. Nilijaribu kuhesabu mapigo anayopata Tom katika filamu moja ya dakika saba hivi, nikapoteza hesabu. Anapigwa kikaango usoni, uso unachukua umbo la kikaango. Anaangukiwa na pasi. Meno yanadondoka kama sahani zinazovunjika. Baruti inamlipukia anakuwa mweusi kama mkaa. Kisha picha inabadilika, na Tom ni mzima, manyoya yamelala vizuri, yuko tayari kwa kipigo kingine.

Na kile kilio chake kinachowaangusha watoto kwa kicheko, mnakijua? Kile si kilio cha paka. Ni William Hanna mwenyewe, mtu mzima, alikuwa akipiga kelele mbele ya kipaza sauti. Paka halisi aliyeumia sana hafanyi hivyo. Yeye hujificha chini ya kitanda au nyuma ya gunia la mkaa, akanyamaza. Sasa fikirini mtoto aliyefundishwa kwa miaka minne kwamba dalili ya maumivu ni ukelele mrefu wa kuchekesha. Atamwona paka amenyamaza, atasema: hajaumia, tumpandishe tena. Ndivyo ilivyokuwa pale ukutani. Nilimuuliza mwanangu kama paka alilia. Akasema alilia mara ya kwanza tu.

Yuko pia yule paka wa bluu wa Wafaransa, Oggy, aliyeanza mwaka 1998, anayesumbuliwa na mende watatu. Mapigo ni yaleyale, rangi tu zimeongezeka. Sina haja ya kumwelezea.

Lakini siku hizi katika simu za akina mama nimemkuta paka mwingine, na huyu ndiye aliyenifanya niandike haya badala ya kulaani tu na kulala. Ni Paka wa Simon. Mchoraji wake ni Mwingereza, Simon Tofield. Alikuwa akijifunza programu ya kuchorea katuni, akamchora paka wake wa nyumbani aliyeitwa Hugh, na mwaka 2008 filamu yake ya kwanza ikaingia kwenye intaneti. Ni mistari myeusi juu ya weupe. Hakuna neno linalosemwa, ni milio ya paka tu, na milio hiyo anaitoa Tofield kwa kinywa chake. Ndiyo maana amefika mpaka huku kwetu bila mkalimani: mtoto wa Biryogo anaongea Kiswahili nyumbani, Kinyarwanda barabarani, Kiingereza shuleni, na babu yake anajua Kifaransa. Wote wanakaa mbele ya simu moja na hakuna anayeuliza, "Amesema nini?"

Katika filamu hiyo ya kwanza mtu amelala, paka ana njaa. Paka anamlilia, anamsumbua usoni, mtu haamki. Mwisho paka anachukua rungu la mchezo wa besiboli na kumpiga nalo kichwani. Mtu anaamka, na paka, kana kwamba hakufanya lolote, anaelekeza mdomo wake: nipe chakula. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, Allah anisamehe kama nimekosea.

Kisha nikaona tofauti. Kwa Tom, anayepigwa ni mnyama. Kwa Simon, anayepigwa ni mwenye nyumba. Usingizi wake unaharibika, chakula chake kinaliwa, na katika zile nilizoziangalia sikumwona akilipiza kwa kumpiga mnyama. Na tukiliangalia vizuri, kinachomchekesha mtu ni njaa ya paka: anadai haki yake, na mwenye nyumba anajifanya hasikii. Hapo kuna somo tayari, na limechorwa na mtu ambaye si wa dini yetu.

Sisemi kwamba Paka wa Simon hana dosari. Rungu linashuka kichwani na hakuna hata uvimbe. Uongo ni uleule. Mwenzangu mmoja wa Nyamirambo aliamshwa na binti yake kwa mwiko wa ugali, pa! katikati ya paji la uso, na alipofumbua macho mtoto alikuwa amesimama akielekeza kidole mdomoni. Mwenyewe anasema faida ilikuwa moja, hakupitwa na Alfajiri.

KWENU MNAOSEMA NI KATUNI TU

Mnasema tumekua nazo na hazikutudhuru. Haya, tuambiane ukweli, hakuna mgeni hapa. Ni nani kati yetu hakumrushia paka jiwe utotoni? Ni nani hakuona vijana wakimfukuza paka mweusi mtaa mzima na watu wazima wamekaa barazani wanasema mwacheni apigwe, huyo si paka, huyo ni jini? Kama hicho ndicho kipimo cha kwamba hatukudhurika, basi kipimo chenyewe kimepinda.

Mtoto mdogo hana mahali pengine pa kujifunzia nini kinauma na nini hakiumi. Anajifunza kwa kuanguka mwenyewe, anajifunza kwa kuona mwenzake akilia, na anajifunza kwa kile anachokitazama saa mbili kila siku. Kama mwalimu wa tatu anasema kila siku kwamba kuanguka kutoka juu ni kichekesho, na hakuna mtu mzima aliyekaa pembeni kusema "hapa wamedanganya", mtoto atamwamini nani? Hatuwapi watoto wetu sumu ya panya tukasema "ni unga tu".

Na wewe unayempa mtoto simu ili usali kwa utulivu, mimi pia ni mmoja wenu. Lakini kusali ni dakika kumi. Simu inarudi mkononi mwako baada ya muda gani?

KWENU MNAOSEMA NI HARAMU TU

Suala la picha na michoro wanazuoni wameshalizungumza kwa urefu na wana kauli zao. Mimi si mufti, sitaliingilia. Ninalouliza ni hili: mkishaizima televisheni, mmempa mtoto nini badala yake?

Kwa sababu ukatili haukuja na umeme. Katika Bukhari na Muslim mna kisa cha Abdullah ibn Umar (r.a.) alipowapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha ya mishale yao. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Vijana wale hawakuwa na televisheni. Hawakuwa na simu. Walikuwa wakicheza, kama mwanangu alivyokuwa akicheza. Kilichowakosekana ni kile kile.

Wala msiniambie kwamba mchezo wenyewe ndio adui. Abu Huraira (r.a.), aliyetupokelea hadithi kuliko Swahaba yeyote, jina lake hilo amelipata wapi? Alikuwa akichunga kondoo wa nyumba yao, naye ana kipaka kidogo. Usiku anakiweka mtini, mchana anakwenda nacho akicheza nacho. Watu wakamwita Baba wa Kipaka, na jina hilo limetajwa mimbarini kwa zaidi ya miaka elfu na mia nne. Kucheza na paka hakukumpunguzia kitu.

Tena kuna jambo liliniuma zaidi ya yote, na hili nawaambia walimu wetu wa madrasa kwa heshima zote. Usiku ule nilifungua daftari la mwanangu. Katika somo la tohara ameandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba maji aliyokunywa paka ni tohara na yanafaa kutawadhia. Hukumu alikuwa nayo! Ameihifadhi, amewekewa alama ya sahihi. Paka mwenyewe hakuwamo.

Hukumu ile ina kisa. Kabsha bint Ka'b alikuwa ameolewa na mtoto wa Abu Qatada (r.a.). Siku moja akamwekea mkwewe maji ya kutawadha. Paka akaja anataka kunywa. Mzee wa watu hakumfukuza: aliinamisha chombo, paka akanywa mpaka akatosheka. Akamwona Kabsha anatazama kwa mshangao, ndipo akamweleza alivyosema Mtume (s.a.w.), kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani. Imo katika Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Jamani, kwa nini mtoto apewe kanuni na anyimwe mkono ulioinamisha chombo? Kule kuinamisha ndiko kulikomfanya Kabsha ashangae.

Na Bibi Aisha (r.a.) aliletewa harisa akiwa anasali, akaashiria iwekwe chini. Paka akaja akala kidogo. Alipomaliza kusali, akala pale pale alipokula paka. Kisa hiki nacho kimo katika Abu Dawud, ni cha jikoni kabisa, na mtoto wa miaka mitano anakielewa.

(Kile kisa kinachozunguka cha Mtume kukata mkono wa kanzu ili asimwamshe paka aitwaye Muezza, msiwafundishe watoto. Hakimo katika vitabu vya hadithi. Yaliyothibiti yanatutosha.)

NILICHOFANYA NYUMBANI KWANGU

Paka alipelekwa kwa daktari wa mifugo, akafungwa mguu. Sehemu ya malipo imetoka katika pesa za Idi za mwanangu, na baba yake alimhesabia mbele yake noti kwa noti. Ilimuuma. Nilitaka imuume.

Kisha nikafanya jambo ambalo wa kundi la kwanza waliliona ni kumtesa mtoto, na wa kundi la pili wakaliona ni kumrudisha kwenye dhambi. Nilimwekea filamu ileile ya Tom aliyoipenda. Kila Tom alipopigwa nilisimamisha picha nikamuuliza: "Anaumia wapi?" Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akasema, "Hapa, kichwani." Mara ya tatu Tom aliporuka kutoka dirishani akatua chini, alinyamaza kidogo, akasema, "Mguu wa nyuma." Hatukuimaliza. Mwenyewe ndiye aliyeizima.

Sitoi fatwa. Nyumbani kwangu Tom amepumzishwa kwa sasa. Paka wa Simon anaangaliwa Jumamosi, nami nikiwa nimekaa papo hapo, na swali ni lilelile. Kila jioni mwanangu anapeleka sambaza tatu au nne kwa jirani, kutoka sahani yake mwenyewe, si kutoka sufuria yangu. Baba yake ananung'unika bei ya sambaza. Anung'unike. Amechangia mtoto huyu naye.

Jambo moja limebaki, na nililipata katika kumpeleka huyo mtoto kununua mafuta.

Kuna butiki moja mtaani kwetu, sitaitaja. Mwenyewe ni mtu wa safu ya mbele msikitini, mkarimu, Ramadhani hutoa tende. Juu ya friji ya soda ameweka televisheni, na jioni watoto wa mtaa hujaa mlangoni kuangalia katuni. Siku ile alikuwa Tom. Watoto walikuwa wakicheka, wakubwa wanacheka, mwenye duka anacheka. Mwanangu hakuwa anaangalia. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlango wa stoo, ule wenye kufuli, na akanivuta kanga: "Mama, kuna paka analia ndani."

Nikauliza. Nikajibiwa kwa uso mkunjufu: ndiyo, ni wa kukamata panya wa mchele. Anafungiwa humo. Chakula hapewi, akishiba hatakamata. Na maji? Jibu lilikuwa kicheko, na Tom nyuma yake akaangukiwa na piano, na wote wakacheka tena.

Ndugu yangu, wewe unaijua ile hadithi kuliko mimi. Mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka hakumpiga, hakumrusha ukutani, hakumvunja mguu. Alimfungia tu, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Utaniambia wako anao panya. Sawa. Panya wakiisha? Na siku unazofunga duka ukasafiri kwenda Rubavu kwa shemeji zako, humo ndani kuna nini zaidi ya mchele mkavu?

Mwanangu alikosa akiwa na miaka minane, na hakujua. Ananiuliza kila siku kama yule wa stoo amefunguliwa, nami sina jibu la kumpa. Ufunguo unao wewe, umening'inia kiunoni. Fungua mlango usiku ajitokee, na uweke bakuli la maji. Nitapita na mtoto kesho baada ya Alasiri kununua sukari.

Wabillaahi tawfiiq.